Bwawa la Samaki la Bibi Anastazia

Mimi huchora ramani bure, kwa kujitolea, na huwa sisahau kuwatajia watu jambo hilo. Kikundi cha akina mama wanaolima mboga huko juu Uluguru kiliniomba ramani ya kitongoji chao, waipeleke kwa ofisa wa maji ili wapate bomba. Badala ya kupanda mlima, nilikaa zangu Morogoro mjini nikaichora kwa kutazama picha ya setilaiti.

Nyuma ya nyumba moja niliona mstatili wa bluu. Nikaandika: bwawa la samaki. Pembeni yake kulikuwa na nukta nyeusi nyingi. Nikaandika: vichaka. Ramani nikaiweka mtandaoni ili kila mtu aitumie, na nakala yake moja nikaichapisha kubwa kama kanga.

Siku ya mkutano, ofisa wa maji aliitazama kwa muda, kisha akawauliza akina mama, "Mnaomba maji, na huku mnafuga samaki?"

Wote wakanigeukia mimi.

"Setilaiti haidanganyi, jamani," nikasema.

Bibi Anastazia, mwenye nyumba ile, akainuka na kusogea mpaka kwenye ramani. Kwa wasiwasi nikamwamkia shikamoo mara ya pili. Akaitikia marahaba, kidole chake kikiwa juu ya bwawa langu.

"Mjukuu wangu, kwangu hata ndoo haijai. Hili ni turubai la msiba wa mume wangu." Kidole kikahamia kwenye zile nukta. "Na vichaka hivi ni sisi, tumekaa tunamlilia."