Mzee Neville Alivyozikagua Nyasi Zetu

Neville Entwistle alitunza uwanja wa klabu miaka thelathini na moja, na katika muda wote huo hakukutana na mtu mwingine anayejua nyasi. Uwanja wenyewe si wa kandanda. Ni ule wa nyasi fupi kama nywele za kuruta, ambapo watu wazima waliovaa vizibao huviringisha mipira mizito, halafu huisindikiza kwa macho kama wanaoaga jamaa kwenye stesheni. Neville aliwahi kumtoa mwenyekiti wa klabu uwanjani kwa sababu ya soli za viatu vyake. Harusi ya mpwa wake hakwenda, maana iliangukia juma la kutoboa udongo wa uwanja ili upumue, na alisema mpwa anaweza kuoa tena lakini Septemba haiji mara mbili kwa mwaka.

Kwake nyumbani, miaka hiyo yote, hakuwa na unyasi hata mmoja. Yeye na mkewe Beryl walikaa katika nyumba ya safu kule chini mjini Accrington, huku Uingereza, yenye ua wa mawe unaotosha pipa la taka na kamba ya nguo. Kwa hiyo alipostaafu na Beryl akasema sasa wanahamia nyumba mpya kilimani, Neville hakuuliza vyumba ni vingapi. Aliuliza nyuma kuna nini.

Nyuma kulikuwa na nyasi. Sote tulikuwa nazo, nyumba tano tuliopewa funguo juma moja la Novemba. Mtaa kampuni ya ujenzi iliupa jina la ndege waliokuwa wakitaga pale kabla hawajafukuzwa na matingatinga. Nyasi zililetwa na lori zikiwa zimekunjwa kama mikeka. Wanaume wawili walizitandaza mvua ikinyesha, bustani tano kwa alasiri moja, wakaondoka kabla chai yao haijapoa. Ungeziona ungesema zulia la msikiti. Mimi wa namba tisa nilisimama dirishani nikajiona tajiri.

Siku ya kukabidhiwa alikuja kijana wa kampuni, Kieran, mwenye viatu visivyowahi kuona tope na kibao cha kielektroniki mkononi. Kulikuwa na fomu. Milango sawa, madirisha sawa, bomba sawa, bustani sawa, saini hapa. Shabnam Rafiq wa namba saba, mpokezi wa wagonjwa kwa daktari wa meno na mtu asiyeamini kitu kabla ya kukigonga, alisita kwenye bustani.

"Mimi nyasi sizijui," alisema. "Ila huyu mzee anasemekana anazijua."

Neville alikuwa anangoja kusemekana. Alikunja mikono nyuma kama daktari mkuu anayepita wodini, akaingia bustani ya Shabnam, akachuchumaa, akapapasa, akanusa vidole. Alitafuna jani moja. Mvua ilikuwa inamchuruzika puani.

"Kazi safi," alisema.

Akaenda kwangu, akasema kazi safi. Kwa wengine wawili vilevile. Kwake mwenyewe alikaa zaidi, na Beryl alituambia baadaye kwamba alivua kofia. Sote tukasaini. Kitu kimoja tu hakukifanya, ambacho mtoto wa miaka minne angekifanya kwa utundu: hakunyanyua pembe ya mkeka.

Mvua ya kwetu mnaijua au hamuijui, ilinyesha mpaka Krismasi. Kwangu likatokea dimbwi, na kwenye dimbwi wakatua bata wawili, wakakaa juma zima bila kunisalimu. Nilimwita Neville.

"Nyasi mpya zinakunywa," alisema.

Januari mikeka ikaanza kuachana. Kati ya mmoja na mwingine unapitisha mkono.

"Zinapumua," alisema Neville.

Februari zikawa za manjano, rangi ya meno ya mvuta tumbaku.

"Zimelala. Ziacheni."

"Zinakunywa, zinapumua, zinalala," alisema Shabnam akiwa upande wa pili wa uzio. "Bado kuomba likizo tu."

Neville alimjibu kwamba watu wasio na uzoefu wana papara. Lakini niliona kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameacha kutoka bustanini kwake mchana. Alisimama jikoni nyuma ya pazia, kikombe mkononi, anaziangalia.

Kilichomuumbua ni mkongojo. Mwanzoni mwa Machi jua lilitoka kwa saa mbili, na mama mkwe wa Shabnam, bibi wa miaka themanini na kitu, akatoka kulipokea. Alipokanyaga hatua ya tatu, mkongojo ulizama, ukagonga kitu chini, ti. Shabnam alipouchomoa, ukaja na nyasi zake, mkeka mzima, kama mtu anayefunua shuka. Chini hakukuwa na udongo. Kulikuwa na vipande vya matofali, changarawe, saruji iliyoganda ikiwa bado ina umbo la mfuko wake, na juu ya vyote hivyo mchanga wa kunyunyiza, kiasi cha kupaka keki.

Ndani ya nusu saa sote tulikuwa tunafunua. Kwangu zilikuja kwa vidole viwili. Tulimpigia Kieran simu, akaja baada ya siku sita, tukakusanyika kwa Shabnam.

"Poleni sana," alisema Kieran. "Kampuni inaelewa hisia zenu. Lakini kwa mujibu wa fomu, bustani zilikaguliwa na kukubaliwa."

"Zilikaguliwa na nani?" nikauliza. "Sisi tunajua nini?"

Alisogeza kidole kwenye kibao chake. "Nimeandika hapa siku ile. Wateja walileta mtaalamu wao."

Tukageuka wote kwa pamoja. Neville alikuwa nyuma, karibu na bomba la maji ya mvua, anatazama mawingu.

"Nilisema kazi safi," alisema hatimaye. "Kwa Novemba."

"Kumbe utaalamu wako una msimu, mzee," alisema Shabnam. "Ungetuambia tukuwekee miadi ya kiangazi."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Kieran, na alipoona amecheka peke yake akaaga.

Juma lililofuata Neville hakuonekana. Beryl ndiye aliyekuja kwangu kuazima sukari ambayo najua anayo.

"Hali chakula," alisema. "Nimempa pai ya nyama akaiangalia kama imesainiwa naye. Nikamwambia, wewe Neville, miaka thelathini na moja umewafukuza watu kwenye nyasi za klabu kwa kosa la kukohoa. Zako umeshindwaje kuziinua kidogo tu?"

"Akasemaje?"

Beryl alizungusha bakuli la sukari mikononi. "Alisema alitaka ziwe nzuri."

Nilitaka kucheka, ikashindikana. Basi nikamjazia sukari.

Jumamosi yake kampuni ilikuwa na siku ya wateja. Pale mwanzo wa mtaa ipo nyumba ya maonyesho, yenye matunda ya plastiki mezani na vitabu visivyofunguka. Nje walikuwa wamefunga maputo. Kieran alikuwa anawazungusha mume na mke vijana, mke ana mimba ya kuonekana. Ndipo tukamwona Neville anashuka barabara akiwa amevaa koti la klabu lenye nembo kifuani, anasukuma toroli. Ndani ya toroli alikuwa amekunja mkeka mmoja wa nyasi zake, taratibu, kama mtu anayepeleka maiti ya mbwa wake kuzika. Tulimfuata. Shabnam alikuja na kandambili.

"Habari za asubuhi," Neville aliwaambia wale vijana. "Mnanunua?"

"Tunafikiria," alisema mume.

"Mzee Entwistle," alisema Kieran, "naomba hilo toroli lisikae mlangoni."

Neville alilisogeza hatua moja. Kisha akautoa ule mkeka, akauweka miguuni kwa wale wawili na kuugeuza tumbo juu.

"Hizi zina miezi minne," alisema. "Mizizi iko wapi? Hakuna hata mmoja unaozidi ukucha. Zimelazwa juu ya matofali. Na mimi ndiye niliyezisainia, mimi na ujuzi wangu, nikawasainisha na hawa majirani. Sikunyanyua pembe. Ninyi nyanyueni."

Yule mke alimtazama mumewe. Mume akapiga magoti penye nyasi za nyumba ya maonyesho, akatia vidole ukingoni, akavuta. Hazikuja. Neville akatoa kisu cha mfukoni, akakata kipande kidogo cha mraba, akakiinua.

Nilitegemea kifusi. Kulikuwa na udongo mweusi, laini, wenye minyoo, ukiingiza mkono unazama mpaka kiganja na kupita. Neville aliuingiza wa kwake. Alikaa hivyo, mkono ardhini, uso umemwiva.

"Kwa hiyo udongo mlikuwa nao," alimwambia Kieran kwa sauti ya chini. "Mnajua kazi inavyofanywa. Mnao. Mmeuweka pale ambapo hakai mtu."

Kieran alisema kwamba nyumba ya maonyesho ina mahitaji tofauti. Alipomaliza kusema hivyo wale vijana walikuwa wanafungua mlango wa gari.

Barua ilikuja baada ya siku kumi. Kampuni haikubali kosa lolote, lakini kwa moyo wa ujirani mwema itatupatia udongo. Kuhusu kuuingiza bustanini, moyo huo haukufika. Lori lilikuja, likamwaga mlima mmoja katikati ya barabara mbele ya nyumba ya Shabnam, mpaka mtoa barua akawa anatutupia barua kutoka ng'ambo.

Tulikuwa bado tunalaani ule mlima pale Neville alipopita na sepeto begani, akagonga mlango wa namba saba. Mama mkwe ndiye aliyefungua. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia.

"Mama, nilikosea," alisema Neville.

Bibi alisema maneno kadhaa kwa Kipunjabi. Shabnam alitokea nyuma yake.

"Anasemaje?" aliuliza Neville.

"Anasema anajua."

Hapo ndipo mateso yetu yalipoanza kweli. Mtu akiwa na aibu na sepeto kwa wakati mmoja, usikae karibu naye. Aprili yote Neville alituchimbisha. Alianza kwa Shabnam, akaja kwangu, akaenda kwa wengine, na kila mahali mwenye nyumba alitakiwa kuwepo saa mbili asubuhi, Jumapili ikiwemo. Kwangu peke yake tulitoa toroli ishirini na sita za kifusi, birika la umeme, mabomba, na buti moja la kulia, nikabaki nikijiuliza kama fundi mwenye nalo alirudi kwao akirukaruka. Kifusi kilipoisha alitufanya tutifue udongo wa mfinyanzi wa chini kwa uma wa bustani, maana umeshindiliwa na magari ukawa kama sahani. Kisha ule mweusi. Kisha kusawazisha. Kisha kuukanyaga kwa visigino, hatua fupi fupi, watu watano tumepanga mstari kama pengwini, na yeye pembeni anakosoa.

"Wewe wa namba tisa unatembea. Nilisema kanyaga."

"Nimekanyaga, mzee."

"Umebembeleza. Rudia."

Mikeka aliikataa. Alisema sasa ni mbegu, na mbegu ikishaota hakuna mtu kuingia hadi mwisho wa Juni. Alifunga kamba kuzunguka bustani zetu wenyewe. Mume wa Shabnam aliruka kamba siku moja kufuata shati lililopeperushwa, Neville akaliona tukio kutoka dirisha lake la juu, akaja na reki kufuta nyayo moja moja, na yule bwana, mtu mzima mwenye biashara yake, akasimama kando akiomba radhi.

"Afadhali wakati ule wa matofali," Shabnam aliniambia. "Angalau tulikuwa tunaanika nguo."

Bustani yake aliifanya ya mwisho, Mei tayari imefika, wakati migongo yetu imeshakataa. Tulikwenda hata hivyo. Beryl alitoa chai na biskuti za tangawizi, na Neville alitukemea kidogo tu, kwa kuwa alikuwa anapumua vibaya. Alipomwaga mbegu hakutaka tumsaidie. Alizitupa kwa mkono, akienda mbele na kurudi, mpaka jioni ya mvua ndogo.

Ziliota. Siwezi kuzinyima hilo, wala siwezi kumnyima yeye. Ilipofika Agosti bustani tano zilikuwa zimejaa, rangi ya kijani kibichi, nene, na tuliruhusiwa kukaa juu yake tukiwa na viti vya miguu mipana. Mama mkwe alitembea hadi mwisho wa uzio na kurudi. Neville alimsindikiza, mikono nyuma.

Mwezi wa Septemba kampuni iliingiza kijikaratasi cha matangazo kwenye masanduku ya barua ya mji mzima. Nyumba nyingine mia moja, awamu ya pili. Juu kabisa kulikuwa na picha ya bustani, nyasi zimekatwa kwa milia kama suruali ya hakimu, na chini yake maandishi: zinakuja tayari kwa kukaliwa. Nilitambua uzio. Nilitambua na kamba ya nguo ya Beryl.

Tulikwenda kwa Neville, namba kumi na moja, tukiwa na hasira, Shabnam ameshaandika barua ya kurasa tatu. Neville alikichukua kile kijikaratasi, akavaa miwani, akakisogeza penye mwanga. Aliangalia muda mrefu. Beryl alimwambia akae kwanza.

"Aliyepiga picha hii," alisema, "alisimama katikati ya nyasi."

Akatoka nje kwenda kutafuta nyayo.