Ndege ya Mjomba

Mjukuu wangu alipofungua boksi la ndege yake ndogo ya chuma, harufu ya rangi mpya ilinirudisha nyumbani kwetu Shinyanga. Mjomba alirudi kutoka vita vya Burma na ndege kama hiyo, akanipa mimi.

“Ndege za namna hii zilitudondoshea chakula porini,” alisema.

Bibi, mama yake, alicheka. “Mwanangu, vita vimekuharibu. Chuma kiruke na ugali?”

Mjomba akainama, hakuisimulia tena habari hiyo.

Siku moja ndege kubwa ilitua kwenye uwanja wa karibu na kwetu, ng’ombe wakatawanyika. Bibi alininyang’anya ile yangu, akailinganisha na ile kubwa, bawa kwa bawa, mpaka gurudumu la mkiani. Kisha akamshika mjomba mkono.

“Haya, nisimulie vizuri. Na huo ugali, walidondosha na mboga?”