Vishati Saba vya Jumatano

Nianze na kosa langu, msije mkanihurumia bure. Mimi ndiye niliyeifanya picha moja ndogo, picha ambayo hata mwenyewe aliyeileta hakuitaka, ijaze ukumbi wa senema wa Tororo Jumatano baada ya Jumatano. Niliijaza kwa siri ya mke wa kaka yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye akili zangu.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru bado mbichi pande zote mbili za mpaka. Nilikuwa nauza tikiti pale ukumbini, kazi niliyopewa na mzee wa Kihindi mwenye senema, ambaye watoto wake niliwahi kuwalea. Jumatano saa nane mchana ilikuwa shoo ya wanawake peke yao. Sisi Waislamu wa mjini hatukuruhusiwa kukaa gizani na wanaume wa watu, basi mzee alitutengea siku yetu, na hata fundi wa mashine alifungiwa kwenye chumba chake cha juu mpaka tutoke. Wakristo nao walikuja, hasa wale akina mama wachuuzi waliokuwa wakivuka kila siku kutoka upande wa Kenya. Siku hiyo walivua viatu, wakanyonyesha, wakacheka mpaka mbavu ziume, na hapakuwa na wa kuwaambia nyamazeni.

Picha yenyewe ilitufikia kwa makosa. Mzee alikuwa anangoja picha kubwa ya mapanga na farasi, matangazo yamebandikwa mpaka sokoni, halafu gari-moshi likashusha mikanda mingine kabisa. Nyeusi na nyeupe. Nyimbo mbili tu, ngumi hata moja hamna, na karibu yote ilichezwa ndani ya nyumba moja: mke, mume na mama mkwe. Jumamosi wanaume walipiga miluzi, wakarusha maganda ya njugu kwenye kitambaa cha kuonyeshea picha, wengine wakatoka katikati wakitukana. Mzee akashika kichwa. Kwa kuwa kuirudisha kungechukua siku nyingi, akaamua kuwatupia wanawake.

"Wewe najua Kihindi," akaniambia. "Simama na kipaza sauti, ambia mama wote yeye nasema nini."

Kihindi changu! Nilikuwa najua lete maji, funga mlango, mtoto analia, chumvi imezidi. Maneno ya jikoni. Lakini mdomo nilikuwa nao, na kusifiwa nilikupenda mno. Nikamwambia najua.

Jumatano ya kwanza walikuja wachache. Nilitafsiri nilivyoweza, yaani nilibuni. Mama mkwe akifungua mdomo, nilimpa matusi ya mama wakwe wote niliowahi kuwasikia, na wanawake wakacheka. Halafu tukafika mahali ambapo yule mke anakaa peke yake chumbani, anafungua sanduku, na hasemi kitu. Dakika nzima, labda zaidi. Wanawake wakaanza kupiga miayo. Jasho likanitoka, kipaza sauti kinateleza mkononi. Ndipo nikafungua mdomo, akatoka wifi yangu.

Wifi alikuwa binti wa upande wa Masafu, mpole lakini si mjinga, ameolewa na kaka yangu mkubwa aliyekuwa dereva wa lori. Tulikaa nyumba moja na mama. Miaka sita hawakupata mtoto, na mama alikuwa ameshaanza kuwataja mabinti wa watu wakati wa chakula, wifi mwenyewe akipakua. Hakujibu hata siku moja. Mimi nilidhani ameshiba woga.

Siku moja tukichambua mchele akaniambia kwa nini hajibu. Walikuwa wamekwenda kwa daktari upande wa Kenya, mbali, wasikojulikana. Daktari akasema wifi ni mzima. Mwenye tatizo ni kaka. Wakiwa njiani kurudi, kaka alimpigia magoti kando ya barabara, akamwomba asimwambie mtu, naye akaapa.

"Nikisema, wifi, atashindwa kusimama mbele ya wanaume wenzake," akaniambia. "Mimi nimeshazoea kusemwa."

Akanipeleka chumbani, akavuta kutoka chini ya kitanda mkebe wa biskuti wenye farasi kwenye kifuniko. Ndani mlikuwa na vishati vya mtoto mchanga. Kila moyo wake ulipompa tumaini, alishona kimoja kwa mkono. Vilikuwa saba. "Daktari naye ni binadamu," akasema, akafunika. Akaniapisha, nami nikaapa kwa Mungu aliye juu.

Sasa Mungu huyo huyo akinisikia, nikasimama ukumbini nikamfanya mwanamke wa kwenye kitambaa aseme: "Mkebe huu hakuna anayeujua. Humu nina vishati saba. Daktari kasema mimi ni mzima, mume wangu ndiye. Lakini nikisema, atashindwa kusimama mbele ya wenzake. Acheni nisemwe mimi." Kwenye picha lilikuwa sanduku la mbao, na shati hata moja halikuonekana, lakini nani alijali? Miayo ikakoma. Halafu mama mmoja mnene, muuza dagaa wa Busia, akaangua kilio kama amefiwa.

Wiki iliyofuata alirudi na wenzake kumi. Wiki ya tatu tulitandika mikeka kwenye njia. Walivuka kutoka Busia, wakaja kwa miguu kutoka Kisoko, watoto mgongoni, ndizi kwenye vikapu. Picha ya mapanga ilipofika hatimaye, ilichezwa Jumamosi mbili ikachoka. Ile ndogo yetu ikabaki. Mzee alikuwa anasimama mlangoni, anaangalia foleni, anatikisa kichwa. "Hii picha hata kwetu watu nakimbia," alisema. "Hapa nini?"

Hapa mimi. Nilijua vizuri, nikavimba kichwa. Sokoni walinipisha nipite, wakiniita Mama Vishati. Kila wiki nilizidi kuyapamba maneno: mahali pa kushusha sauti, mahali pa kukaa kimya mpaka wasikie pumzi yangu. Nikijilaza nilijitetea. Kwani nimemtaja mtu? Si habari za Wahindi hizi? Na wifi, aliyekuwa hatoki sana, akiniuliza ni picha gani hiyo watu wanayoisema, nilimjibu, "Achana nayo wifi, ya kulala tu." Alicheka akarudi kwenye ushonaji wake. Jibu hilo linaniuma mpaka leo kuliko hata uongo wa ukumbini.

Kumbe habari zilikuwa zimemfikia mama. Aliambiwa tu kuna picha ya mwanamke asiyezaa ambaye mwishoni anakubali mumewe alete mke wa pili, na hiyo kweli ilikuwamo. Ya daktari hakuambiwa. Basi Jumatano ya nane mama akajifunga buibui, akamshika mkwewe mkono, akamleta akajifunze.

Niliwaona taa zikiwa bado zinawaka. Safu ya tatu, mama kaketi wima, wifi kando yake. Wifi akanipungia mkono kwa furaha, amevaa leso yake mpya. Loo! Taa zikazimwa.

Nusu ya kwanza nilisema kwa haraka, sijui hata nilisema nini. Nikajipa moyo: ukifika pale, badilisha tu. Utasema jambo jingine lolote, nani atakugombeza? Sanduku likafunguka kwenye kitambaa. Nikasema, "Ewe Mungu, kosa ni langu. Mimi ndiye tasa."

"Aa-aa!" sauti ikatoka nyuma. "Si hivyo!"

"Leo umesahau?" mwingine akapiga kelele. "Sema ile ya mkebe!"

Nikasema, "Tulieni, akina mama, tulieni," lakini nani angetulia? Walikuwa wamelipa, walikuwa wamevuka mpaka, wengine walikuwa wamekuja mara tano. Yule muuza dagaa akasimama, akaanza mwenyewe kwa sauti nene: "Mkebe huu hakuna anayeujua." Wa nyuma wakadakia. "Humu nina vishati saba." Halafu ukumbi mzima, wa Tororo na wa Busia, kwa Kiswahili cha kila namna, neno kwa neno kama nilivyowafundisha. Daktari kasema mimi ni mzima. Mume wangu ndiye. Nikisema, atashindwa kusimama mbele ya wenzake. Mimi nilikuwa nimekishusha kipaza sauti. Hawakukihitaji.

Mwanga wa picha uliifikia safu ya tatu. Mama aligeuka polepole akamtazama mkwewe. Aliwahi kuuona ule mkebe akifagia, akauliza una nini, akaambiwa nyuzi na sindano. Wifi hakumtazama mama. Alikuwa ananitazama mimi, mdomo wazi kidogo, na mkono ule aliokuwa amenipungia ukiwa bado mapajani, vidole vimetanuka. Hakutoka. Alikaa mpaka picha ikaisha, mpaka taa zikawaka.

Jioni hiyo mama alimwuliza kaka swali moja tu: daktari alisema nini? Kesho yake kaka aliondoka na lori lake, na hakulala tena nyumbani kwetu. Alichokiogopa ndicho kilichompata: wafanyabiashara wa Busia walimjua, wanawake wao walikuwa wamekariri maneno, na hesabu ya dereva gani mke wake hazai na dada yake ndiye Mama Vishati haikuwachukua muda. Lakini lililoniua mimi ni hili: kabla ya kuondoka alimlaumu wifi. Alisema mwanamke aliyeapa kando ya barabara amekwenda kumtangaza mpaka senema. Na wifi hakusema kwamba alimwambia mtu mmoja tu, dada yake huyo huyo, aliyeapa kuificha siri. Alinificha na mimi, kama alivyomficha yeye. Nilikuwa nimesimama mlangoni nasikia yote. Nilikuwa na mdomo wa kuwasemea Wahindi wasionijua, na siku hiyo ulifungwa.

Wifi alirudi kwao Masafu wiki iliyofuata. Njiani akienda kwenye basi alipita ukumbini, furushi la nguo kichwani, akasimama mbele ya dirisha langu la tikiti. Ilikuwa Jumatano, foleni imeshaanza. Akauweka ule mkebe juu ya ubao, mahali watu wanapoweka hela.

"Mpe yule mwanamke wa kwenye picha," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira, afadhali ingekuwa nayo. "Ni wake sasa."

Neno nisamehe lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi, lakini nyuma ya wifi mama mmoja akasema, "Dada, sogea, tunachelewa." Wifi akasogea. Mimi nikakata tikiti.

Niliufungua mkebe baada ya watu kutoka ukumbini, nikiwa peke yangu kwenye viti. Nilivitoa kimoja kimoja nikavitandaza mapajani. Viwili vilikuwa vipya, uzi wake haujaoshwa bado, alivishona wiki zile zile mimi nilipokuwa nikishangiliwa. Vilikuwa tisa.