Siku Niliyofundisha "Si Lazima"

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka chai hunipoa mkononi. Mwezi ujao unaanza ualimu, nami sina wa kumwachia maneno haya ila wewe, mtoto wa dada yangu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Mwanza yamejaa vitu, na wageni wanashuka kutafuta dhahabu. Walitaka madereva wanaojua Kiingereza. Nami nimetoka Bukoba na cheti kipya cha ualimu na maringo yake (usicheke, sisi Wahaya tunasemwa hivyo), nikafungua darasa la jioni pale Nyamagana. Nilichora alama za barabarani kwenye karatasi za manila. Penye ruhusa niliandika "may". Penye duara jekundu niliandika "must not". "Must" ni lazima, nikawaambia, basi "must not" ni si lazima. Nilisema hivyo bila hata kufungua kitabu.

Miongoni mwao alikuwamo Masanja, dereva wa Magu. Alikuwa akinisindikiza hadi kituoni baada ya kipindi, na alikwisha kuniambia kwamba akipata kazi kwa wale wageni, atatuma washenga kwa baba. Nilimpenda, sitakuficha.

Siku ya usaili wakamwonyesha alama inayokataza kulipita gari la mbele, chini yake imeandikwa "must not overtake". Akaeleza kwa kujiamini kwamba si lazima kulipita, ila mwenye haraka apite tu. Wakacheka, wakamwita mwingine. Jioni ile akaja darasani.

"Mwalimu, wanasema 'must not' ni marufuku. Si ulitufundisha kwamba ni si lazima?"

Palepale nikajua nimekosea. Madereva wote walikuwa wananitazama.

"Hukusikia vizuri, Masanja," nikasema.

Daftari lilikuwa wazi mkononi mwake. Wenzake nao walikuwa wameandika vilevile, lakini kwa heshima hakuna aliyefungua mdomo. Akalifunga taratibu.

"Haya, mwalimu. Labda sikusikia."

Akatoka, na hakurudi tena.

Magu si mbali. Kila Jumamosi nilisema nitakwenda kumwomba radhi. Leo, kesho, leo, kesho. Nilipokwenda, mwaka ulikuwa umepita, na aliyenifungulia mlango alikuwa mkewe. "Karibu, mwalimu," akasema kwa furaha, kumbe Masanja alikuwa amenisifu kwake. Masanja mwenyewe akanisalimu kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu mwalimu wake. Nilikunywa maji yao, nikaaga, na neno lililonipeleka nikarudi nalo.

Nyumba hii ya Buswelu ina vyumba vitatu, mwanangu, nami natumia kimoja. Nina upweke. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na huyo ndiye mjukuu pekee niliyempata.

Basi ukikosea mbele ya wanafunzi, sema "nimekosea" wakiwa bado wamekaa, chaki ikiwa bado mkononi. Watacheka kidogo, kisha watafuta na kuandika upya. Usingoje mbaki wawili, wala usijifariji kwamba wanakuheshimu. Heshima yao haitakuondolea kosa. Mficha uchi hazai, na mimi nilificha.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na akupe mtu wa kula naye jioni.