Maneno Niliyoshindwa Kumtafsiria Baba

Zaidi ya mwaka mzima baba alikojoa kwa shida bila kumwambia mtu. Tulichojua ni kwamba mgongo ulimsumbua, hata hakuweza kubeba majani ya chai hadi kituo cha kuyapimia. Mama alisema ni uzee. Mkojo ulipotoka na damu, ndipo baba akanipigia simu Nyakoe, ninakofundisha. Nikapanda hadi nyumbani Manga kumchukua, nikampeleka hospitali mjini Kisii.

Daktari alitoka kaunti za upande wa ziwa, hakujua Kigusii, lugha yetu. Kiswahili cha baba kilikuwa cha sokoni tu. Nikawa mkalimani. Kwetu mtoto hamtajii baba yake mambo ya mwilini. Ni aibu kubwa. Nilitafsiri nikiangalia sakafu.

"Muulize kama kuna ndugu yake aliyewahi kuugua saratani ya tezi dume."

"Kaka yangu alikufa kwa mgongo," baba akasema.

Daktari akatikisa kichwa. "Huenda haukuwa mgongo. Ugonjwa huu huja na umri, lakini pia hutembea katika ukoo. Hata wewe, mwalimu, usikae tu."

Vipimo vilipotoka, saratani ilikuwa imeshafika mifupani. Kuitoa tezi kusingesaidia tena. Daktari alisema mionzi ingetuliza maumivu, na ili kuzima homoni zinazoulisha ugonjwa, baba achague: sindano kila miezi mitatu, au aondolewe makende mara moja.

Neno hilo sikuweza kumtamkia.

"Tata, wanataka kukupasua kidogo hapo chini."

"Chini wapi?"

Muuguzi mmoja mzee, wa kwetu, akaniambia nitoke. Niliposimama kwenye kibaraza nilisikia akimweleza waziwazi.

Baba alichagua sindano. "Nizikwe nikiwa kamili," alisema.

Zilimpa mwaka na kidogo. Kuna miezi alirudi hata shambani kuchuma chai. Kisha maumivu yakarudi, akaacha kula, na Sabato moja asubuhi mama alimkuta ameshatuacha.

Baada ya mazishi nilipimwa damu. Niliambiwa niko salama, nirudi mwakani. Nimewasihi wadogo zangu wawili wa kiume nao wakapimwe. Mmoja husema ana kazi nyingi. Mwingine, kila nikianza kulizungumzia, huinuka akaenda kuangalia ng'ombe.