Simu Iliyokalishwa Eda Magongo

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko hata harusi yangu mwenyewe ni Ijumaa moja, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, pale mtaani Magongo, Changamwe. Nilikuwa nimehitimu kompyuta shule ya usiku, na kwa majivuno niliyokuwa nayo ungedhani ni mimi niliyeiunda. Nilifanya kazi kwenye ofisi ndogo ya kupiga chapa, juu ya duka la halua la Bwana Omari. Kompyuta yetu ilikuwa nzee ya kuamkiwa shikamoo. Ukiiwasha, Changamwe nzima inajua.

Asubuhi hiyo akaja Bi Zuhura kutoka Shika Adabu, ng'ambo ya feri. Mjukuu wake alikuwa aolewe baada ya alasiri, na baba wa binti, Saidi, alikuwa Omani, ndani huko jangwani kusikofika simu. Sheikh alikuwa amesema hafungishi ndoa mpaka asikie idhini ya baba kwa masikio yake. Basi Saidi akairekodi sauti yake, na mwajiri wake akaenda nayo mjini, akaituma kwa barua pepe ya ofisi yetu, imebanwa ndani ya faili ili iwe nyepesi.

Nikalipakua. Kompyuta ikasema faili bovu. Nikarudia, bovu vilevile. Nikaitukana ile mashine, nikamwambia bibi imezeeka, haiwezi mambo mapya.

"Hata mimi nimezeeka," akasema. "Mbona nimevuka feri peke yangu?"

Nikatazama vizuri. Ukubwa wa faili lililotumwa, kama ulivyoandikwa kwenye barua, haukuwa sawa na wa lililonifikia. Langu lilikuwa kama nusu. Nikaanza kulipakua upya, na papo hapo nikamsikia Bwana Omari huko chini akipokea oda ya halua. Mtandao ukakatika. Wallahi nilicheka. Enzi hizo mtandao ulipitia laini ya simu, na laini ilikuwa moja, yake na yetu. Kila akiinua mkono wa simu, faili langu linakatwa katikati.

Nikamweleza bibi. Akashuka, akaipakata simu ya Omari, akaifunika kwa leso. Omari akalalamika kwamba ana wateja.

"Simu hii imekaa eda, Omari," nikamsikia bibi. "Haisemi na mwanamume mpaka imalize."

Faili likashuka lote. Bado likagoma, lakini sasa kompyuta ilitoa sababu nyingine: programu yangu ya kufungulia ilikuwa ya zamani kuliko ile iliyolibana. Nikatafuta toleo jipya lililotengenezwa kwa ajili ya mashine kongwe kama yetu, simu ikiwa bado edani. Nikalibonyeza tena lile faili. Likafunguka kama asumini.

Sheikh akaletwa mpaka ofisini. Spika zikakohoa, kisha Saidi akatoa salamu, akamtaja binti yake kwa jina, akampa sheikh idhini ya kumwozesha. Sheikh, aliyesoma naye chuo cha Kurani utotoni, akafumba macho kusikiliza.

"Ndiye," akasema.

Bi Zuhura akapiga kigelegele kilichosikika, naapa, mpaka Mishomoroni, na Omari akaleta sinia zima la halua bila kuombwa.

Basi, mwanangu, faili likikukatalia, usikimbilie kuilaumu mashine kwa uzee wake. Tazama kwanza kama limekufikia zima. Kama halikufika zima, lilete tena pasipo wa kulikatiza. Halafu tafuta kifungulio kinachoendana nalo, na kinachoendana na umri wa mashine yako. Mola akufikishie kizima kila unachotumiwa, akufungulie kila kilichokufungia, na siku yako ya ndoa ikifika, sauti ya mzazi wako isikose kusikika.