Kioo nimekisaga mimi, kaka anasema kakisaga yeye

Admin nifiche jina, maana mjini huku wateja wangu ni wengi. Nina miaka 23, Mmeru wa Nkoaranga, fundi wa simu na redio hapa Kaloleni. Shule niliishia kidato cha pili ila mikono yangu ina digrii. Wabishi waje na simu zao zilizofia majini.

Kaka yangu wa tumbo moja anasomea fizikia chuoni, shahada ya pili. Kazi yake ni kukamata vitu kwa mwanga. Msicheke, nimeona mwenyewe. Anapitisha leza kwenye hadubini, chembe ya hamira iliyomo kwenye tone la maji inanasa pale pale kwenye mwanga, akisogeza mwanga na yenyewe inafuata.

Shida ni kwamba leza mawimbi yake yanakwenda hatua moja kama askari wa gwaride, kwa hiyo mwanga unakuwa na madoadoa na chembe zinayumba. Inabidi uyavuruge kidogo kwa kioo chenye ukungu kinachozunguka. Ukivuruga sana unabaki na tochi, haishiki kitu. Kaka alisugua vioo kwa msasa miezi miwili, akapata tochi tu.

Akaniita. Nikachomoa kioo kwenye fremu ya picha yake ya mahafali, fundi vioo akanikatia duara, nikakisaga taratibu kwa ile pesti laini ya kusagia valvu za pikipiki, nikakifunga kwenye mota ya feni ya kompyuta. Chembe saba zikatulia kwa mpigo. Kaka alinikumbatia mpaka nikaona aibu.

Ijumaa wakaja walimu wake na mgeni mmoja mzee. Mgeni akainama akaangalia, akauliza, "Hiki kioo kasaga nani? Kimesagwa vizuri sana."

Kaka akajibu, "Nilihangaika nacho mwenyewe, dokta."

"Na huyu kijana?"

"Huyu ananisaidia kubeba vitu."

Nikasema shikamoo. Kilichonimaliza kabisa ni kitabu chake cha utafiti kilichokuwa mezani. Nikafungua ukurasa wa shukrani. Kamshukuru mpaka mlinzi wa geti. Mimi simo. Walipotoka kwenda kunywa chai nikafungua skrubu, nikaweka kioo mfukoni nikaondoka zangu.

Jana kaja kibandani kwangu na tai shingoni. "Dogo, nipe kioo. Natetea kazi yangu Jumatano."

"Kioo gani braza? Mimi si mbeba vitu?"

"Acha utani. Nimesaga vingine vitatu, vyote vinatawanya mwanga."

"Ongeza cha nne. Wewe si ndiye msagaji?"

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaongea kwa sauti ya chini. "Nikisema ni wewe, watasema kazi siyo yangu."

Nikamwambia hesabu zote ni zako, mwanga wako, chembe zako, sijagusa hata moja. Mimi nataka useme mbele yao maneno manne: mdogo wangu ndiye aliyesaga. Akasema atafikiria. Yaani mtu anafikiria kama mimi ni mdogo wake.

Mama kapiga simu kutoka nyumbani, eti nimrudishie, kaka akipata na mimi nimepata. Nimekuwa nikipata kwa mtindo huo tangu nilipoachishwa shule ili yeye aendelee. Sikulalamika. Sasa hata kusaga kioo nako ni kwake?

Leo Jumatatu. Kioo kiko kwenye droo, nimekifunga kwenye soksi. Asipokuwa nacho, Jumatano chembe zitaogelea mbele ya walimu wake na miaka miwili yake imekwenda. Nikimpa kabla hajasema yale maneno, najua hatayasema tena maisha yake yote. Mngekuwa ninyi mngempa? Niambieni ukweli, na wasomi pia mseme.